Mkono Juu ya Boneti

Ndoo ilikuwa hewani, imejaa mpaka mdomoni, na mikono iliyoinyanyua haikuwa na utani.

"Toka hapo, shemeji," Spana alisema. "Toka, nisije nikakuogesha na nguo zako."

Mama Kioo hakutoka. Alisimama mbele ya gari jeusi, kitambaa begani, glovu mkononi, akimtazama mdogo wa marehemu mumewe kama unavyomtazama mbwa wa jirani aliyeingia jikoni kwako.

"Unajua kusoma, Spana?"

"Najua."

"Kibao cha mlangoni kinasemaje?"

"Dawa haijashika, maji marufuku." Aliyasema kwa raha, kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha ya washindi. "Ndiyo maana nimekuja na maji."

Wewe uliyetufuata tangu mwanzo unajua ndoo ile ilikuwa na nini. Haikuwa tindikali wala petroli. Maji tu ya bomba. Lakini uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, sogea karibu nikwambie kwa nini wifi yake Mama Kioo, aliyesimama kando, alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili.

Gari jipya linapofika kwa Mama Kioo, hupakwa seramiki. Ni dawa inayokaa juu ya rangi, ikishika inakuwa ngozi ya kioo. Jua, vumbi, vinyesi vya ndege, vyote vinapita juu kwa juu na rangi inabaki kama ilivyotoka kiwandani, miaka kwa miaka. Lakini iguswe na maji kabla haijashika, basi umeliharibu. Linabaki na madoa kama mtu aliyeugua ndui, na sabuni haiyatoi.

Na gari hili halikuwa la mtu wa hivi hivi. Lilikuwa la Mzee wa Mabati, mwenye kiwanja, mwenye banda, mwenye hata msumari uliotundikiwa kibao.

Tangu fundi mkuu, mume wa Mama Kioo, afe kwa moto wa stoo ya rangi, mjane na shemeji yake walikuwa wakilivuta banda lile, huyu huku, yule kule. Mjane alitaka kuendelea na kazi ya mumewe. Spana alitaka kuweka duka la spea. Mzee alipochoka na kelele zao akakata maneno: "Gari langu jipya litaamua. Likitoka halina doa, banda ni la mjane. Likitoka na doa hata moja, namkabidhi Spana."

Sasa umeelewa ndoo ilikuwa na nini. Ilikuwa na banda zima ndani yake.

"Spana, mwogope Mungu," alisema wifi, dada yake Spana, aliyekuwa upande wa mjane kwa kazi na kwa roho.

"Mungu hakunipa banda mimi, amempa huyu?"

"Mwache," Mama Kioo alisema. "Mwaga basi, shemeji."

Spana akapepesa macho. Alikuwa amejiandaa kwa kilio, kwa magoti, hata kwa kuparuliwa uso. Hilo la kuambiwa amwage hakulitarajia.

"Nini?"

"Mwaga. Au mikono imechoka?"

"Mwaga, na mimi nione," ikasema sauti nzito kutoka mlangoni.

Mzee wa Mabati! Kofia mkononi, tumbo mbele, na nyuma yake anaingia mama mkwe, bibi mkavu kama kuni, kigoda chini ya kwapa na ufunguo wa banda ukining'inia shingoni kwa kamba. Ufunguo ulikuwa huo mmoja tu. Tangu mazishi bibi huyo ndiye aliyefunga jioni na kufungua asubuhi, maana hakumwamini mwanawe wala mkwewe.

"Mzee!" Spana akashusha ndoo, akavaa tabasamu la kuazima. "Nilikuwa nawasaidia kuosha."

"Kuosha gari ambalo halijashika?"

"Limeshika, mzee," alisema Mama Kioo. "Limeshika tangu juzi. Kibao nilikiacha pale makusudi. Nilitaka kujua ni nani atakayekuja na ndoo."

Wifi akapasuka kwa kicheko. Spana akageuka rangi mara mbili, kwanza kijivu, halafu nyekundu.

"Mwanamke mjanja wewe!"

"Na wewe mwanamume mwepesi kunaswa. Mzee, mwambie amalizie kazi aliyoanza."

"Mwaga," mzee akasema.

Spana hakuwa na pa kukimbilia. Akamwaga nusu ya ndoo juu ya boneti kwa hasira, kama anayemmwagia mwizi.

Lo! Maji hayakukaa. Yalijikusanya yakawa shanga, shanga zikafukuzana, zikateleza mbavuni mwa gari zikaanguka sakafuni. Weusi uliobaki ungeweza kuwa kioo cha kunyolea ndevu. Mzee aliinama akajiona, akajipangusa mdomo, maana aliona chembe ya chai ya asubuhi.

"Hii kazi," alisema taratibu. "Hii ndiyo kazi ya marehemu."

Moyo wa Mama Kioo ukataka kuruka. Alishukuru kimoyomoyo. Tayari alikuwa anaona jina la mumewe likipakwa upya juu ya mlango.

"Hebu kwanza," alisema mama mkwe. "Macho yangu mabovu, lakini pale katikati ni nini?"

Wote wakainama.

Katikati ya boneti, maji hayakuwa shanga. Yalilala bapa, yamekwama, hayataki kuondoka. Na mahali yalipolala palikuwa na umbo. Kiganja. Dole gumba. Vidole vinne vilivyokunjuliwa.

Mkono wa mtu!

Mzee akachukua kitambaa, akapangusa. Mkono ukapotea. Akachota maji kwa kiganja, akanyunyiza. Mkono ukarudi vilevile, umetulia, kama mwenye nyumba.

"Hili ni doa au si doa?" aliuliza, na sauti yake haikuwa na upole tena.

 Feni ya ukutani iliendelea kuhangaika.

"Ni mafuta," Mama Kioo alisema. "Mtu mwenye mafuta mkononi ameshika bodi kabla sijapaka. Dawa haikamati juu ya mafuta. Imeshika kila mahali isipokuwa hapo."

"Na haitoki?"

"Mpaka nikwangue boneti nzima kwa mashine, nianze upya."

"Mtu gani?"

Mama Kioo hakufikiri mara mbili. Hasira ilikuwa imekaa mlangoni, akaifungulia.

"Muulize huyo! Nani hapa anashinda na grisi mpaka kwenye kope? Nani amekuja na ndoo mchana kweupe? Aliona maji yanaweza kushindwa, akatanguliza mkono!"

"Mimi?" Spana akapiga kifua. "Mimi niliingiaje, na ufunguo uko shingoni kwa mama? Mama, uliwahi kunifungulia?"

Mama mkwe alikuwa anapanga kigoda chake.

"Mimi nafunga, mimi nafungua," alisema hatimaye, na hakumtazama mtu.

"Umesikia, shemeji? Ulimi wako hauna breki. Unasingizia watu kama unavyopumua."

"Nakusingizia? Weka mkono wako hapo basi! Uweke mbele ya mzee!"

Msomaji, laiti angelijua.

Spana hakutetemeka. Alicheka, cheko refu la mtu aliyepewa zawadi ambayo hakuiomba. Akaviringisha mkono wa shati kwa madaha.

"Naweka. Lakini kwanza tule kiapo. Mwenye mkono huu ndiye mharibifu. Na mharibifu atatoka bandani leo leo, asitie mguu tena humu, awe nani awe nani. Unakubali?"

"Nakubali!"

"Wifi, polepole," alinong'ona wifi.

"Nimesema nakubali. Mungu ni shahidi."

"Mzee umesikia? Mama umesikia?"

"Nimesikia," mzee akasema. "Na nitawashika kwa maneno hayo hayo."

Spana akanyanyua mkono wake wa kulia, akaugeuza huku na huku kama mchuuzi anayeonyesha shati.

"Tazama vizuri. Kidole changu cha shahada kiko wapi?"

Hakikuwepo. Kilikuwepo nusu tu. Kidole kile kiliishia kwenye pingili ya katikati, kilikatwa na feni ya injini zamani, na kila mtu mtaani alijua.

"Na huo mkono wenu una vidole vingapi? Hesabuni! Vyote vizima, virefu, vimenyooka!" Alikiweka kiganja juu ya alama. Kilizidi pande zote, kama kiatu cha baba juu ya unyayo wa mtoto, na pale pa kidole cha shahada maji yalichungulia yakimcheka Mama Kioo. "Mkono haudanganyi, shemeji. Midomo inadanganya, mkono haudanganyi. Sasa nani mwingine? Leteni mikono!"

Mama Kioo akageuka. Macho yake yakamwangukia wifi.

Asubuhi ile ya kupaka dawa, wifi alikuja amejipaka mafuta ya nywele. Mama Kioo alimfokea mbele ya wateja, akamrudisha bombani kunawa, akamwambia mwenye mafuta hagusi bodi bandani humu, hiyo ni sheria ya marehemu. Wifi alinuna siku nzima.

"Wifi," alisema polepole. "Si wewe?"

"Mimi?" Macho ya wifi yakajaa maji. "Baada ya yote niliyobeba na wewe? Nimegombana na kaka yangu wa tumbo moja kwa ajili yako, leo unanishuku mimi?"

"Ulinuna."

"Nilinuna! Kununa ni dhambi?" Akaja kwa kishindo akapiga kiganja juu ya alama. Kilikuwa chembamba, vidole virefu kama kalamu, vimepita alama kwa mbali. "Haya, ridhika! Na ukimaliza, mpime na mama mkwe wako, na mzee naye, na hiyo feni!"

Mama mkwe alisimama mwenyewe. Mkono wake, uliopinda kwa baridi yabisi, haukuweza hata kulala bapa. Akauondoa, akaketi.

"Amebaki mmoja," alisema.

"Nani?" Mama Kioo aliuliza.

"Wewe, mkwe wangu."

Alitaka kucheka. Kweli alitaka. Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kuwa mzito, kama si wa kwake.

Akakumbuka.

Marehemu alikuwa na desturi. Kila gari likiingia, kabla halijaoshwa, aliweka mkono mtupu juu ya boneti akaomba: Mungu mlinde atakayepanda humu. Halafu ndipo maji, sabuni, polishi, na spiriti ya kuondoa mafuta. Hata kama mkono ulikuwa na kitu, kilioshwa chote.

Alipokufa, Mama Kioo akaichukua sala ile. Lakini gari linapoingia huwa kuna kelele za wateja na honi, hawezi kukusanya mawazo. Akaihamisha. Akaiweka mwishoni, katika utulivu, baada ya spiriti ya jioni na kabla tu ya dawa ya asubuhi.

Na spiriti inakausha ngozi. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka mpaka damu. Asubuhi ile alijipaka mafuta ya mgando, akavaa glovu juu yake, akaridhika. Sheria ameilinda, mafuta yako ndani ya glovu.

Kisha akavua glovu moja aombe. Huwezi kumwomba Mungu na mpira mkononi, ndivyo alivyosema marehemu.

Umeme ulikuwa umekatika. Taa ya kukagulia haikuwaka. Hakuona kitu. Alisema amina, akavaa glovu, akapaka dawa juu ya sala yake mwenyewe.

"Tunangoja, shemeji," Spana alisema.

Wifi, pamoja na kinyongo chote, alikuwa amemsoma usoni. Alimsogelea kama anayemtengenezea kitambaa begani.

"Kunja kidole," alinong'ona bila kufungua midomo. "Kunja kidogo tu. Kisilingane. Nani atajua?"

Mama Kioo aliuweka mkono hewani, juu ya alama. Kidole kimoja tu. Akikikunja, mkono utakuwa wa mtu asiyejulikana, mzee atamsamehe akwangue upya, jina la mumewe litapakwa juu ya mlango. Akikinyoosha, mashine, vitambaa, hata harufu ya mumewe iliyobaki kwenye kuta zile, vyote vinakwenda kwa mtu huyu anayechekacheka.

Spana alikuwa ameegemea nguzo, anajichokonoa meno.

Akaushusha mkono. Ulilala juu ya alama kama kifuniko juu ya sufuria yake.

"Ni wangu," alisema. "Nilikuwa naomba."

"Ulikuwa nini?" mzee akauliza.

"Naomba. Nilikuwa na mafuta ya mgando mkononi, nikasahau. Hakuna aliyeniharibia. Wifi, nisamehe. Na wewe, Spana, kwa hili la boneti, nilikusingizia."

Wifi akageuza uso ukutani. Mama mkwe akamtazama mkwewe kwa muda mrefu, na kitu fulani kikapita usoni mwa bibi yule, kikatoweka kabla hujakipa jina.

Spana yeye alikuwa ameshapanda mawinguni.

"Mmemsikia kwa kinywa chake! Sala! Anaharibu gari la mzee kwa sala!" Akacheka mpaka akashika mbavu. "Haya mama mchungaji, kusanya matambara yako. Kiapo ni kiapo. Mzee, nikabidhi."

Mzee alikuna kichwa kwa kofia. Hakuonekana kufurahi, lakini alikuwa mtu wa neno lake.

"Mama, uliapa mwenyewe."

"Niliapa, mzee. Natoka."

Alianza kuvua glovu ya mkono wa kushoto. Kidole kwa kidole. Hakulia. Asingempa Spana hata hicho.

Na hapo, msomaji, Spana angenyamaza tu, angelala tajiri wa banda. Lakini mshindi mwingine haridhiki kushinda, lazima akanyage.

"Ngoja kwanza, usikimbie!" akapiga kelele. "Mzee, boneti tu imetoa mkono mzima. Huko kwingine je? Tumwone mtakatifu wetu ameweka sala ngapi! Aondoke na aibu yake yote!"

Akanyakua ndoo yenye maji yaliyobaki, akazunguka nyuma ya gari kwa mbwembwe, akayatupa yote juu ya buti.

Shanga zikatimka. Zikateleza, zikadondoka, weusi ukang'aa.

Isipokuwa mahali pamoja.

Karibu na kufuli la buti, pale mtu anapobonyeza kulifunga, maji yalikuwa yamelala bapa. Kiganja. Kikubwa, kipana, cha mkono wa kulia. Dole gumba. Kidole kidogo, cha pete, cha kati, vyote vizima.

Na cha shahada, kilichoishia katikati.

Ndoo tupu ikaanguka. Ikabingirika mpaka miguuni kwa wifi, ambaye aliisimamisha kwa ncha ya kiatu.

"Haya kaka," alisema, sauti tamu kama asali yenye nyuki ndani. "Leta mkono."

"Huo... huo ni mchezo. Maji yamekwama tu."

"Mkono haudanganyi, umesahau? Midomo ndiyo inadanganya. Si ulitufundisha sasa hivi?"

"Nilishika juzi nikipita!"

"Ungeshika juzi, mkono ungekuwa juu ya dawa na kitambaa kingeutoa," Mama Kioo alisema. Glovu ilikuwa imening'inia nusu mkononi. Alikuwa amesahau kuivua. "Huo uko chini ya dawa, kama wangu. Uliwekwa baada ya spiriti ya jioni, kabla sijapaka asubuhi. Uliingia humu, Spana. Banda likiwa limefungwa."

Mzee wa Mabati alivaa kofia. Kwa wanaomjua, akivaa kofia ndani ya nyumba, mazungumzo yameisha.

"Nilisema nitawashika kwa maneno yenu. Mwenye mkono anatoka. Mikono ni miwili, basi mnatoka wote wawili. Banda halipati mtu leo."

"Mzee!" Spana alipiga magoti, yeye aliyekuja kupigisha watu magoti.

"Kimya! Sijamaliza. Boneti nimeelezwa, mama alikuwa anaomba. Wewe ulikuwa unaomba nini kwenye buti langu?"

Spana akatupa jicho mlangoni.

"Ufunguo wa gari ulikuwa wapi jioni hiyo?"

"Kwenye msumari ule pale," Mama Kioo alisema. "Asubuhi yake niliuweka mfukoni, haujatoka tena mpaka leo."

Na alipokuwa akiyasema hayo, akaelewa. Spana aliweka kitu kwenye buti jioni ile, na tangu asubuhi hakuweza kukifikia. Gari lilikuwa linaondoka leo. Maji hayakuwa ya kumnyang'anya banda peke yake. Maji yalikuwa ya kulizuia gari lisitoke!

"Nipe ufunguo," mzee akasema.

"Lakini mlango wa banda," wifi alisema polepole, kama anayejiuliza mwenyewe. "Ufunguo wa banda ni mmoja."

Vichwa vikageuka, kimoja baada ya kingine, mpaka kwenye kigoda.

Mama mkwe alikuwa ameishika kamba ya shingoni kwa mikono miwili, kama mtu anayeogopa itamnyonga.

"Nilimfungulia mimi," alisema.

"Mama!" Spana alifoka. "Nyamaza!"

"Nimenyamaza vya kutosha, na kunyamaza huko kunanila nyama. Mkwe wangu angekunja kidole tu. Nilimwona dada yako akimwambia, na nilimwona akikataa." Bibi akazidi kuikaza kamba. "Na mimi ni mzee kuliko yeye, na siku zangu za kusema kweli ni chache kuliko zake. Aliniambia anaficha kitu siku moja tu, nyumbani hakuna usalama. Sikumuuliza. Sikutaka kujua, kwa sababu nilijua."

"Ulijua nini, mama?" Mama Kioo alimsogelea. "Ulijua nini?"

 Bibi aliinuka, akajikokota mpaka kwa Mzee wa Mabati, akamshika mkono ulioshika ufunguo.

"Mzee, nakusihi. Usilifungue mbele yake. Mtoe nje kwanza mkwe wangu. Mtoe nje!"

Lakini kidole cha mzee kilikuwa kimeshabonyeza.

Gari likalia mlio mdogo. Buti likaanza kunyanyuka lenyewe, taratibu, kama magari haya mapya yanavyofanya, na ule mkono wa nusu kidole ukapanda nalo juu, unadondosha maji, kama unaaga.

Spana alikuwa ameshafika mlangoni. Wifi alimtegea mguu, akaanguka kifudifudi chini ya kibao cha maji marufuku.

Mama Kioo hakumwona. Alikuwa anatazama ndani ya buti.

Mfuko wa nailoni, umefungwa vibaya, na sehemu ya nguo imejitokeza. Kitambaa cha bluu. Akauvuta. Ovaroli. Akaigeuza, na kifuani kulikuwa na mfuko ulioshonwa kwa uzi mwekundu, mishono mikubwa mikubwa, kwa sababu siku ile uzi wa bluu ulikuwa umemwishia, na mumewe alicheka akasema sasa hata akipotea sokoni watamjua.

Ovaroli ambayo marehemu aliondoka nayo nyumbani asubuhi ya moto. Ovaroli ambayo Spana, wa kwanza kufika stooni, aliapa mbele ya waombolezaji wote kwamba iliungua ikawa majivu pamoja na mwenyewe, ndiyo maana jeneza halikufunguliwa.

Aliinusa. Haikuwa na moshi. Haikuwa na hata alama ya cheche.

Akaingiza mkono kwenye mfuko wenye uzi mwekundu, mkono uleule wa sala, na vidole vyake vilivyopasuka vikagusa kitu kigumu, cha duara, cha baridi.

Ilikuwa pete ya ndoa ya mumewe, ile aliyoambiwa kwamba imezikwa kidoleni mwake.